Kazi Inayomngoja Mwanafunzi wa Historia Nje ya Darasa

Katika eneo la kampasi ya Nkrumah ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, huko Beit el-Ras, ambako walimu wengi wa visiwa hivi wamesomea kazi yao, yamesalia mabaki ya kasri ambalo Seyyid Said bin Sultan alianza kulijenga mwaka 1847 na ambalo halikumalizika, kwani mwenyewe alifariki baharini mwaka 1856. Mawe yake mengi yalichukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 yakajengea reli ya Bububu, na kilichobaki ni ukumbi wa mbele wenye matao. Mwanafunzi wa historia anaweza kumaliza miaka yake yote ya masomo akipita karibu na matao hayo, akafaulu mitihani, akavaa joho na kupewa shahada, bila ya kutakiwa hata mara moja aeleze kasri hilo lilijengwa kwa mikono ya nani, kwa nini ujenzi ulikoma, na ilikuwaje mawe yake yakaonekana yana faida zaidi kwenye reli.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wahadhiri, ambao wengi wao wanafundisha madarasa makubwa na kusahihisha karatasi nyingi kuliko inavyostahiki. Hoja yangu inahusu namna tunavyoielewa taaluma yenyewe. Kijana anayeingia chuo kikuu leo ameshakariri, tangu kidato cha tano na cha sita, sababu za Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Anajua kuzipanga moja baada ya nyengine, na anajua kwamba hoja sita zilizoelezwa vyema zinampatia alama zake. Akifika chuoni akaendelea na mtindo huo huo, ila kwa vitabu vizito zaidi, atakuwa ameongeza maarifa lakini hajawa mwanahistoria. Mwanahistoria ni mtu aliyejifunza kuuliza habari imetoka wapi, nani aliiandika au kuisimulia, alikuwa na maslahi gani ndani yake, na nani mwengine angeisimulia vyengine. Ustadi huo haupatikani kwa kusoma majibu ya watu peke yake. Unapatikana pale mtu anapokaa mbele ya ushahidi mbichi, usiotafsiriwa na mtu mwengine kabla yake, akalazimika kuupima mwenyewe.

Zanzibar ina bahati ambayo nchi nyingi hazina: ushahidi huo uko karibu. Nyaraka za Taifa ziko Kilimani, mwendo mfupi kutoka Mji Mkongwe. Humo zimehifadhiwa kumbukumbu za ubalozi mdogo wa Uingereza uliofunguliwa mwaka 1841 alipokuja konsuli wake wa kwanza, Atkins Hamerton, majalada ya serikali ya himaya iliyoanza mwaka 1890, kumbukumbu za mahakama, barua za masultani, na miswada ya Kiarabu na ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Watafiti wanasafiri kutoka Marekani na Ulaya kuja kukaa miezi mizima katika ukumbi wa kusomea wa Kilimani, kisha wanarudi kwao kuandika vitabu ambavyo wanafunzi wetu huja kuvisoma kama marejeo. Sina ugomvi na watafiti hao. Kazi zao nyingi ni nzuri na zimetufundisha mengi. Kinachonisikitisha ni kwamba mwanafunzi wa Unguja anaweza kulisoma jalada la Kilimani kupitia tanbihi ya kitabu kilichochapishwa ng'ambo kabla hajawahi kulishika jalada lenyewe.

Akilishika atagundua jambo ambalo hotuba ya mhadhiri haiwezi kumuonesha kwa ukamilifu wake. Barua ya ofisa wa kikoloni inaonekana mwanzo kama taarifa ya mambo yalivyokuwa. Ukiisoma mara ya pili unaona ni barua ya mtu anayetaka mkubwa wake aidhinishe fedha, au anayejikinga na lawama, au anayerudia aliyoambiwa na mkalimani wake. Mkulima wa Chake Chake na mchukuzi wa bandarini wamo ndani ya barua hiyo, lakini wamo kama watu wanaozungumziwa. Asiyekuwapo na lake halipo, na katika nyaraka za serikali wengi hawakuwapo. Kwa hivyo mwanafunzi hujifunza kuzitafuta karatasi ambazo watu wa kawaida waliacha alama zao bila ya kukusudia kuandika historia.

Karatasi hizo zipo. Amri ya Aprili 1897 iliyofuta utumwa kisheria haikuwaacha huru watumwa wote kwa siku moja: kila aliyetaka uhuru wake alipaswa kwenda mahakamani kuudai, mmiliki alilipwa fidia, na masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Utaratibu huo, pamoja na dhuluma iliyokuwamo ndani yake, ulizaa maandishi, na ndani ya maandishi hayo yamo majina ya watu. Vivyo hivyo hati za wakf, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya dini au ya kuwafaa watu. Usimamizi wa wakf uliwekwa chini ya kamisheni tangu mwaka 1905, na hati zake zinatuonesha kitu ambacho masimulizi ya jumla kuhusu masultani na makonsuli huwa yanakipita: wanawake waliomiliki nyumba na mashamba kwa majina yao, waliozitoa kwa ajili ya msikiti au kisima, na waja huru, yaani watumwa walioachwa huru, waliotengewa makaazi katika mali ya waliokuwa mabwana zao. Mwanafunzi atakayechukua mtaa mmoja tu wa Malindi au Shangani, akafuatilia nyumba zake kwa hati za wakf na kwa kesi za mirathi, atakuwa amefanya kazi ya kihistoria ambayo hakuna kitabu cha jumla kinachoweza kumfanyia.

Nje ya darasa kuna magofu pia, na hapa ndipo ninapotaka kutahadharisha, kwa sababu kuna wanaodhani kwamba kusoma historia nje ya darasa maana yake ni kukodi basi, kuzunguka, kupiga picha na kurudi. Ziara ya namna hiyo ina raha yake lakini haimfundishi mtu kupima. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kwa mfano, unatajwa kila mahali kuwa ni wa mwaka 1107. Mwanafunzi anayefika pale na maswali yake ataona kwamba tarehe hiyo inatokana na maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, kwenye kibla, yenye mwaka 500 wa Hijria, na kwamba jengo lililosimama leo kwa sehemu kubwa ni la ukarabati wa karne ya 18. Tarehe ni ya kweli na jengo ni la kweli, ila haviendi pamoja kwa wepesi kama kibao cha barabarani kinavyotaka tuamini. Siku nzima ya somo inaweza kutumika hapo: namna ya kugeuza mwaka wa Hijria kuwa wa Miladi, namna ya kutofautisha matumbawe yaliyochongwa zamani na chokaa ya baadaye, na swali la jamii gani ya kusini mwa Unguja ilikuwa na mali na uhusiano wa kutosha kuwa na maandishi ya aina ile zaidi ya miaka 900 iliyopita.

Kaskazini, huko Fukuchani na Mvuleni, kuna magofu ambayo kwa muda mrefu yaliitwa nyumba za Wareno. Wataalamu wa mambo ya kale wameonesha kwamba ni nyumba za Waswahili wa karne ya 16, zilizojengwa kwa mawe na ufundi wa hapa petu, na kwamba Fukuchani ilikuwa na makaazi ya wavuvi na wafanyabiashara karne nyingi kabla Mreno hajauona mwambao huu. Swali la kumpa mwanafunzi si nani aliyejenga tu. Aulizwe pia kwa nini ilikuwa rahisi kwa vizazi kadhaa, wageni na wenyeji, kuamini kwamba nyumba ya mawe yenye ngome lazima iwe ya mtu aliyetoka mbali. Kumsoma Mreno pale ambapo hayupo ni sehemu ya historia ya ukoloni, na yafaa isomwe kama hivyo.

Mfano mzito zaidi uko Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba ambao Sultan Barghash alitia saini tarehe 5 Juni 1873, na mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa kuu la Anglikana likawekwa pale. Jirani na kanisa, chini ya jengo lililokuwa hospitali ya misheni, wageni huoneshwa vyumba vya chini ya ardhi na kuelezwa kwamba watumwa walirundikwa humo kabla ya kupigwa mnada. Lakini jengo hilo lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na mwanafunzi aliyefundishwa kupanga matukio kwa tarehe hawezi kukwepa kuuliza vyumba hivyo vilichimbwa lini na kwa kazi gani. Kuuliza hivyo hakupunguzi hata chembe ya unyama wa biashara ile. Kinyume chake, mateso ya watu waliouzwa Mkunazini yana ushahidi mwingi na wa kutisha, katika ripoti, katika kesi na katika masimulizi ya waliookolewa, na watu hao wanastahiki kukumbukwa kwa ushahidi usiotikisika. Simulizi yenye ufa humpa nafasi yule anayetaka kukana jambo zima.

Hivyo basi, darasa linahitajiwa sana nje ya darasa. Wale wanaowatembeza wageni katika Mji Mkongwe, ambao baadhi yao ni wahitimu wa vyuo vyetu, ndio walimu wa historia wenye wanafunzi wengi kuliko wote Zanzibar, na yale wanayoyasema kwa nusu saa mbele ya mlango mmoja husambaa duniani. Kama walifundishwa kukariri, watakariri mbele ya wageni.

Kisha kuna Pemba, ambayo husahauliwa hata na wale wanaokubaliana na haya yote. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu na minazi ya Unguja na kuiacha Pemba ikiwa karibu nzima, na tangu hapo ndiyo imekuwa ikitoa sehemu kubwa ya karafuu za visiwa hivi. Kwa maana hiyo utajiri uliojenga Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, mwaka 1883 hauwezi kuelezwa bila ya wachumaji wa Pemba. Tumbe na Chwaka zimechimbwa na kuonesha vijiji na miji iliyofuatana tangu karne ya 7 hadi ya 15. Ras Mkumbuu ina msikiti na makaburi ya mawe. Pujini ina ngome ambayo wenyeji wanaihusisha na Mkama Ndume, mtawala anayesimuliwa kuwa mkatili, pamoja na kisima kilichogawiwa kwa ukuta ili wake zake wawili wasigombane. Mwanafunzi wa kawaida huambiwa kwamba simulizi kama hiyo ni ngano na magofu ndiyo ushahidi. Mimi naona vyote viwili ni ushahidi wa mambo mawili tofauti: kuta zinatueleza kuhusu mji wenye boma katika karne ya 15, na simulizi inatueleza namna watu wa Pujini, vizazi vingi baadaye, walivyokuwa wakiufikiria utawala wa mabavu. Yule anayeweza kuzishika habari hizi mbili kwa pamoja bila ya kuzichanganya ameshaelewa sehemu ngumu kabisa ya somo hili.

Nimeacha mwisho jambo ambalo kwangu ndilo la haraka kuliko yote. Magofu yanaweza kungoja kidogo, ijapokuwa kuanguka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Disemba 2020 kulituonesha kwamba hata hayo hayana subira isiyo na mwisho. Wazee hawangoji. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari 1964, sasa ameshapindukia 80. Aliyekuwa kijana wa kazi bandarini wakati wa mgomo wa 1948 ni nadra kumkuta hai. Waliokuwa watoto Kiembe Samaki mwaka 1951, katika ile tunayoiita Vita vya Ng'ombe, wakati wakulima waliochoshwa na kuchukuliwa ardhi na kulazimishiwa matibabu ya mifugo walipopambana na polisi, bado wamo, lakini wanapungua kila mwaka.

Kuna kazi iliyowahi kufanywa Tanzania Bara ambayo inafaa kuwa kiigizo. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa shahada ya kwanza wa historia wa Dar es Salaam, wakiongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa, walikwenda vijijini kuwahoji wazee walioiona Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Hawakuwa maprofesa, walikuwa vijana waliofundishwa namna ya kuuliza na namna ya kuandika walichosikia, wakarudi na ushahidi ambao hakuna jalada la Kijerumani lililokuwa nao, na mpaka leo hakuna anayeandika juu ya vita hiyo bila ya kuurejea. Tuhesabu kidogo. Kutoka 1905 hadi 1968 ni miaka 63. Kutoka 1964 mpaka sasa umbali ni karibu huo huo. Sisi tuko katika dakika ile ile waliyokuwa nayo wao, na kizazi kijacho cha wanafunzi hakitaipata tena.

Najua linalowazuia wengi. Mwaka 1964 si somo jepesi katika visiwa hivi. Kuna familia zilizopata ardhi na heshima ambazo hazikuwahi kuwa nazo, na kuna familia zilizopoteza watu, mali na nchi, na mara nyengine familia hizo mbili zinaishi mtaa mmoja na zimeoana. Wapo wanaoona kwamba kuuliza ni kuchokoa kidonda. Nauheshimu woga huo kwa sababu unatokana na maumivu ya kweli, lakini sikubaliani na hitimisho lake. Masimulizi haya hayanyamazi kwa kuwa chuo kikuu kimenyamaza. Yanaendelea majumbani, kila nyumba ikisimulia lake kwa watoto wake bila ya kusikia la jirani. Mtu pekee aliyefundishwa kumsikiliza mzee wa upande mmoja asubuhi na wa upande mwengine jioni, akaandika yote mawili kwa uadilifu, ni mwanafunzi wa historia. Akishayaandika, na ayapime kwa magazeti ya zama za siasa: asome Mwongozi, lililokuwa upande wa chama cha ZNP, na Afrika Kwetu, lililokuwa upande wa ASP, za wiki moja juu ya jambo moja, aone namna habari moja inavyoweza kuwa mbili.

Kazi hiyo ina adabu zake, nazo zifundishwe kwa uzito ule ule wa nadharia. Mtafiti hapiti mtaani na simu yake akaanza kurekodi. Anapata kibali, anakwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, anajulisha nyumba anayokwenda, anamueleza mzee kwa lugha iliyo wazi kwamba maneno yake yatahifadhiwa na kwamba anaweza kukataa au kutaka jina lake lifichwe. Anamuamkia, anakaa, na haharakishi. Bibi atakayeulizwa juu ya uchaguzi wa 1961 huenda akaanza na harusi ya dada yake, na mtafiti asiyejua kusubiri atakuwa amempoteza, kwa sababu harusi ile ndiyo kalenda yake. Baadaye mtafiti anarudi kumsomea alichoandika. Hakuna karaha kubwa kwa wazee wetu kama kuhojiwa na mtu ambaye hawakumuona tena.

Lugha nayo ni kikwazo ambacho tumejiwekea wenyewe. Tunafundisha historia ya Zanzibar kwa Kiingereza, tunaandika tasnifu kwa Kiingereza, ilhali ushahidi wake mwingi uko katika Kiswahili, katika Kiarabu, na katika lahaja za Makunduchi, Tumbatu na Pemba. Mwanafunzi anamhoji babu yake kwa Kipemba, anatafsiri maneno yake kwa Kiingereza cha darasani, na katika safari hiyo nusu ya maana inadondoka. Naomba tasnifu za historia ya visiwa hivi ziruhusiwe, na zaidi ya kuruhusiwa zihimizwe, kuandikwa kwa Kiswahili. Naomba pia somo la kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu liwe la lazima kwa mwanafunzi wa historia. Vijana wengi wa Kizanzibari wanaingia chuo kikuu wakiwa wameshasoma chuo cha Kurani kwa maalimu na wanazijua herufi hizo tangu utotoni. Kinachokosekana ni mazoezi ya kusoma hati za mkono za zamani, na muhula mmoja unaweza kuwafikisha mbali.

Wapo watakaouliza shahada hii inampatia kijana kazi gani. Skuli zinahitaji walimu, makumbusho yanahitaji watunzaji, utalii unahitaji watu wanaojua wanachokisema, na mahakama na ofisi za ardhi zinahitaji watu wanaoweza kusoma hati ya zamani. Hilo linatosha kwa jibu la ajira. Suala la gharama nalo halina ukubwa unaodhaniwa, maana kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho tayari anafanya utafiti. Kinachotakiwa ni kwamba utafiti wa historia usikubaliwe ukiwa umetegemea vitabu peke yake, na kwamba kila mahojiano yaliyofanywa yatolewe nakala mbili, moja ikabidhiwe Nyaraka za Taifa Kilimani na nyengine ibaki maktaba ya chuo. Kwa miaka kumi tu, kundi dogo la wanafunzi kila mwaka litakuwa limejenga hazina ya sauti za Unguja na Pemba inayoweza kusomwa na yeyote.

Pa kuanzia pia si mbali. Ningechagua Kiembe Samaki na Vita vya Ng'ombe, kwa sababu tukio lina tarehe inayojulikana, lina majalada ya serikali na taarifa za magazeti za kulinganishia, na lina watu waliolishuhudia wakiwa watoto. Mhadhiri mmoja na wanafunzi kumi wanaweza kulifanya ndani ya muhula, na hawatahitaji hata basi la chuo. Daladala za uwanja wa ndege zinapita hapo.